Redio Huzimwa Chini ya Mlima

Shofere hakumjibu mtu aliyesema naye kwa nyuma. Ungeweza kumwita mara tano sokoni, mjini Baraka, naye akaendelea kupangusa kioo cha gari kana kwamba umeita mbuzi. Ilikubidi uzunguke, usimame mbele yake, umtazame, ndipo useme. "Mugongo yangu haiko na masikio," alizoea kusema. Watu walicheka, wakaiita tabia hiyo kiburi, na mimi nikaiita kiburi pamoja nao. Nilifanya naye kazi miaka miwili na nusu, nimeketi kiti cha pili katika kabini yake, na katika muda huo wote sikumpenda hata siku moja. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani naandika kwa huruma. Nimeandika habari hii mara nne. Katika zile tatu za kwanza nilijionyesha mwema kuliko nilivyokuwa, nikazichana.

Mimi nilikuwa karani wa mizani. Tulimtumikia ajenti mmoja, Mzungu, aliyenunua pamba kwa wakulima kuanzia vijiji vya ukingo wa ziwa hadi milimani Fizi. Gari lilikuwa moja tu, kamyoneti ya kijani, na dereva mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na tamaa moja, nayo ni volani ile, usukani wa gari. Ajenti alikwisha sema kwamba atakayemfuata Shofere ni mimi, na kwamba atanipeleka Fizi kutafuta permi, ile ruhusa ya kuendesha, siku ile Shofere mwenyewe atakaposema niko tayari. Kwa hiyo kila Jumamosi, tukishamaliza kazi, Shofere aliniachia volani kwenye uwanja wa nyuma ya ghala, nami nikaendesha kwa uangalifu wa mtu abebaye mayai. Kisha nilishuka, nikazunguka, nikasimama mbele yake.

"Baba, leo nimekosa wapi?"

"Bado."

"Lakini sikugonga kitu."

"Kaburi nayo haigongake kitu. Bado."

Nilikuwa na daftari. Kila kosa aliloniambia nililiandika, na mengine ambayo hakuniambia niliyaandika pia, maana usingizi haukunijia kabla sijayapanga. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, hata Kifaransa, ambacho nilikipata katika kamusi iliyokosa kurasa za mwisho na katika kijitabu kilichokuja na redio ya gari.

Redio hiyo ndiyo iliyotufanya tujulikane. Watu waliwahi kuona redio nyumbani kwa Wazungu na misheni, lakini redio iliyopanda gari na kwenda safari hawakuwahi kuiona. Ilifungwa chini ya dashibodi, ina kioo kidogo kilichowaka manjano na vifungo viwili vya kuzungusha. Ndani yake mlikuwa na taa. Ukiifungua, ilikaa kimya muda wa mtu kuhesabu hadi thelathini, mpaka taa zile zipate moto, ndipo sauti ikaja. Kwa sababu hiyo hakuna aliyependa kuizima. Ukizima umepoteza wimbo, na ukifungua tena utaukuta umekwisha.

Shofere alikuwa na sheria zake za redio, nazo hazikuandikwa popote. Kituo kinatafutwa gari likiwa limesimama. Magurudumu yakizunguka, mkono hauendi kwenye kifungo. Barabara ya ukingo wa ziwa, iliyo tambarare, redio inaruhusiwa, sauti ya chini. Ukikaribia kijiji, punguza tena, kwa sababu watoto hawana honi, hawapigi klaksoni. Na chini ya mlima redio inazimwa. Si kupunguzwa. Kuzimwa.

Siku ya kwanza nilipojisahau na kunyoosha kidole kwenye kifungo tukiwa mwendoni, alikipiga kwa manivela, kile chuma cha kuwashia motere. Ukucha ulikuwa mweusi hadi msimu wa pamba ulipokwisha. Hakusema pole. Alisema, "Kidole iko na macho? Kama haiko na macho, basi macho yako imefuata kidole, na njia imebaki yenyewe."

Kwa kuwa nilitaka kumshinda kwa kitu, nilimletea kijitabu. Nilimsomea kwa Kifaransa kwanza, ili ajue kwamba najua, kisha nikafasiri: kijitabu kilisema inatosha kupunguza sauti kiasi cha kusikia klaksoni.

"Kitabu ile," aliuliza, "imepanda mulima ya Fizi mara ngapi?"

Mlima wenyewe ndio uliokuwa jambo. Barabara ya kupanda kwenda Fizi ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo na upande wa pili hakuna kitu. Magari mawili hayakuweza kupishana isipokuwa mahali pachache palipopanuliwa kwa majembe. Mahali hapo tulipaita garaji. Juu alikaa mlinzi wa barieri, kile kizuizi cha barabara, na ngoma ya gogo. Gari lilipoanza kushuka alipiga mara tatu, na anayetoka chini alipaswa angoje katika garaji ya kwanza mpaka lile limpite. Kila dereva alifika pale, akazima motere, akasikiliza. Ukisikia mara tatu, unangoja. Usiposikia kitu, unapanda.

Shofere alizima motere, akageuza uso wote kwangu, na kuniuliza kama mwalimu wa katekisimu, "We, unasikia nini?"

Nilipaswa nitaje vyote. Ndege. Maji ya kijito. Mtu anakata kuni. Ngoma, au hakuna ngoma. Jibu langu likimridhisha, tulikwenda. Nikisita, alikunja midomo. "Karani ya masikio ya udongo. Shuka. Mulima itakufundisha." Mara nne nilipanda mlima ule kwa miguu, na vitabu vya mizani kichwani, nikamkuta juu anakula muhogo wa kuchoma. Mara moja kosa langu lilikuwa kwamba nilivuma wimbo wa redio muda mrefu baada ya redio kuzimwa. "Imezimika kwenye gari," alisema, "kwako ingali inaimba. Ukiwa na wimbo ndani ya kichwa, ngoma itaingilia wapi?"

Nakiri kwamba alikuwa na haki. Nakiri pia kwamba nilimwombea afe.

Ukatili wake ulikuwa na mpango, kama kazi zake zote. Siku za soko aliegesha kamyoneti mahali akina mama walipotua mizigo, akafungua redio kwa sauti kubwa, akaweka kiganja juu ya dashibodi na kungoja. Akina mama walikuja mbio, waliotoka mashambani wakiwa bado na majembe begani. Walisimama, wengine walicheza na watoto mgongoni. Wimbo ulipofika mahali pake pazuri, alizima. "Wimbo imekwisha! Bamama, murudie kwenye majembe!" Walimwomba. Mmoja alimpa ndizi ili afungue tena. Alizila zote, akafunga mlango.

Lakini mtu yule yule hakupigia ng'ombe klaksoni. Wafugaji wa nyanda za juu waliteremka wakati mwingine na makundi yao, wakaijaza barabara. Madereva wengine walipiga klaksoni mpaka ndama wakateleza kwenye mteremko. Shofere alizima motere na kukaa kimya mpaka ng'ombe wa mwisho apite, hata kama ni nusu ya asubuhi. Kisha alimtukana mwenye ng'ombe.

"Ng'ombe zako ziko na akili kuliko baba yako!"

"Ni kweli, muzee," mfugaji mmoja alimjibu kwa utaratibu, "ndiyo maana zinatangulia."

Shofere alimtazama mdomo, akacheka mpaka akashika tumbo. Ni mara moja tu niliyomwona akicheka kwa jambo lisilomuumiza mtu.

Kutazama mdomo: hilo nililiona tangu mwanzo na sikulielewa. Hata kioo cha pembeni, kile cha kutazamia nyuma, alikigeuza ili aone sanduku la gari na watu waliopanda juu ya magunia. Mtu akimsengenya huko nyuma, Shofere alisimamisha gari, akamshusha, akamrudishia maneno yake yote jinsi alivyoyasema. Watu waliamini ana dawa. Mama mmoja mjamzito alishushwa chini ya mlima kwa njia hiyo, kwa neno moja tu alilomnong'onezea dada yake, naye alipanda kwa miguu.

Niliijua siri yake siku ya soko huko Fizi. Asubuhi ile barabara ilikuwa mbaya, na waya mmoja uliopeleka sauti kwenye kipaza cha redio ulichomoka. Niliuona ukining'inia karibu na goti langu. Nilitaka kumwambia, lakini alikwisha kusimamisha gari na kufungua. Kioo kiliwaka manjano. Tulihesabu hadi thelathini. Hakuna sauti iliyotoka. Akina mama walikusanyika, wakangoja.

Shofere aliweka kiganja juu ya dashibodi. Motere ilikuwa bado inanguruma, na dashibodi ilitetemeka kama kawaida. Akaanza kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayefuata wimbo. Alitikisa, alitikisa, akatabasamu kwa kiburi. Mama mmoja alimtazama mwenzake. Kisha mkono wake ulikwenda kwenye kifungo, akazima ule ukimya, akapaza sauti: "Wimbo imekwisha! Bamama, murudie kwenye majembe!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Walidhani ni mzaha wake mpya, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Yeye alisimama anawatazama vinywa vilivyo wazi, akafurahi kwamba leo amewachekesha.

Mimi sikucheka. Miaka yote hiyo, "Unasikia nini?" halikuwa swali la mtihani. Lilikuwa swali. Alikuwa haisikii ngoma. Aliyafunza masikio yangu kwa manivela na kwa miguu yangu kwa sababu yake mwenyewe yalikuwa yamekufa, na tangu lini, sikujua. Na "Bado" nayo niliielewa. Siku nitakapokuwa tayari, nitaondoka kiti cha pili, na yeye atabaki chini ya mlima bila mtu wa kuuliza.

Mtu mwema angemwendea. Mimi niliufunga waya mahali pake kwa siri, vizuri, kwa fundo safi, na katika daftari niliandika neno moja: *Hasikii*. Nilimpa Jumamosi sita zaidi aseme niko tayari. Alisema bado mara sita.

Siku yenyewe Ajenti alikuwa pamoja nasi. Aliketi upande wa mlango, mimi katikati, Shofere kwenye volani. Redio ilikuwa inatoa muziki wa magitaa na ngoma kutoka Leopoldville, na Ajenti alikuwa na furaha, anapiga vidole gotini. Tulipofika garaji ya chini, Shofere alizima motere na kunyoosha mkono azime redio. Ajenti alimshika mkono.

"Wacha iimbe kidogo. Itakufanya nini?"

"Bwana, hapa ni mulima."

"Punguza tu. Si inatosha?"

Mzungu akisema inatosha, imetosha. Shofere alipunguza. Kisha aligeuza uso wote kwangu kama siku zote.

"We, unasikia nini?"

Nilisikia gitaa. Nilisikia ndege. Na chini ya vyote hivyo, kutoka juu, nilisikia ngoma ya gogo, mara tatu, wazi kabisa. Masikio yangu yalikuwa mazuri. Alikuwa ameyafunza vizuri.

"Hakuna kitu, Baba," nilisema.

Nilikuwa nimekwisha kuwaza yote, kwa sababu mimi huwaza yote. Gari linaloshuka lingekuwa polepole. Tungekutana nalo karibu na garaji ya pili, tungesimama uso kwa uso, Ajenti angekasirika, mlinzi angeapa kwamba alipiga, nami ningesema neno langu. Nilitaka aibu tu. Mpango ulikuwa safi na sikuona kosa ndani yake.

Halikuwa polepole. Lilikuwa lori la magunia ya mpunga, watu wamekaa juu, na lilitokea kwenye kona kabla hatujaiona garaji ya pili. Shofere angeweza kukata upande wa bonde au upande wa ukuta. Alikata upande wa ukuta, akaligeuza gari hata mlango wake ndio ukalipokea lori. Sikumwona akifikiri. Kulikuwa na kishindo, halafu vumbi, halafu mwanamke analia juu ya barabara akiwa ameshika mkono uliopinda pasipo na kiungo. Kamyoneti ilikuwa imelala kwenye mfereji. Redio ilikuwa bado inaimba. Niliizima kwa mkono wangu, na hakuna aliyenipiga kidole.

Tulimtoa Shofere na kumkalisha chini. Goti lake la kushoto lilikuwa limepondwa. Mlinzi wa barieri aliteremka mbio, akapiga kelele kabla hajafika: "Nilipiga! Mungu anaona, mara tatu nilipiga!"

Ajenti alikuwa anavuja damu puani. "Mi nilisikia ngoma," alisema. "Nilifikiri iko ya redio."

Ndipo nilipotoa neno langu. "Shofere hasikii, Bwana. Ni kiziwi tangu siku nyingi."

Ajenti hakuniuliza mengi. Aliokota manivela, akamzunguka Shofere kwa nyuma, akagonga kwa nguvu kwenye chuma cha gurudumu, karibu na kichwa chake. Mlinzi aliruka. Shofere hakupepesa jicho. Ajenti akagonga tena. Mtu mmoja wa lori alicheka, akaziba mdomo, lakini wengine walikuwa wamekwisha kumfuata, hata yule aliyekuwa anamfunga mwanamke mkono. Shofere alitazama vinywa vyao, kimoja kimoja, akageuka, akaiona manivela mkononi mwa Ajenti, akajua. Uso wake haukubadilika. Alinitazama mimi.

"Karani. We ulisikia?"

"Redio ilikuwa inaimba," nilisema.

Wiki nyingi niliionea fahari sentensi ile. Nilirudia kuipima usiku na mchana na sikukuta uongo ndani yake.

Permi niliipata Fizi kabla ya mvua. Yule aliyenipima alisema hajaona dereva mwangalifu kama mimi.

Mwaka jana nilikuwa napita karibu na Lweba, nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba la mpunga la dada yake, analinda ndege. Kamba zilitoka kwenye jukwaa kwenda pande zote, na juu ya kamba yalining'inizwa makopo matupu. Ndege walipotua alivuta kamba, makopo yakalia, wakaruka. Alijua yamelia kwa kuwaona ndege tu. Nilisimamisha gari. Sijui kwa nini. Aliniona, akateremka akivuta mguu, akavuka tuta lote mpaka barabarani bila haraka.

Hakunisalimu. Alilizunguka gari, jipya, la buluu, akakitazama kioo cha pembeni kilichojaa vumbi, akatoa kitambaa kiunoni na kuanza kukipangusa, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu na sanduku. Mgongo usio na masikio. Nikaona kwamba hapo ndipo ningeweza kusema bila kunigharimu kitu.

"Nilisikia," niliuambia mgongo ule. "Mara tatu. Nilisikia vizuri, Baba, nikakuambia hakuna."

Mkono wake ulisimama juu ya kioo. Nikatazama mahali alipokuwa akitazama. Ndani ya kioo kile, kilichokwisha kung'aa, mlikuwa na uso wangu mzima, na mdomo wangu.

Aligeuka taratibu.

"Najua," alisema. "Siku ile uso yako ilisema ngoma. Kinywa yako ikasema hakuna kitu. Miaka mbili mi nilikuwa nasoma uso yako, haikunidanganya hata siku moja." Alikikunja kitambaa mara mbili. "Lakini mi ndiye nilikufundisha. Nikasema, huyu nimemufundisha vizuri. Wacha niamini kinywa."

Aliweka kiganja juu ya paa la gari, akakiacha hapo.

"Inaimba?"

Ilikuwa inaimba. Niliitikia kwa kichwa.

"Unaenda Fizi?"

Niliitikia.

"Basi zima. Na permi yako ile, walikupa mapema. Bado."

Akavuka tuta, akapanda jukwaa lake, akavuta kamba. Makopo yalilia shamba zima.

Redio niliizima pale pale. Sasa kila nifikapo garaji ya chini, nazima redio na motere, kisha nauliza kwa sauti, unasikia nini? Kiti cha pili hakina mtu. Anayejibu ni mimi mwenyewe, nami mahali pale nilikwisha kusema uongo. Kwa hiyo nangoja, hata kama ni kimya. Nyuma yangu madereva wengine wanapiga klaksoni na kunitukana, nami bado nangoja.